Sista Leokadia, Sasa Naruhusiwa

Sista Leokadia,

Shikamoo. Najua hukupenda nikuamkie kila zamu kama mtoto wa shule, lakini leo niache, maana nina jambo la kukuambia na sijui pa kuanzia. Nimefaulu. Mtihani ule ule ulionitoa machozi, safari hii nimeupita. Cheti kiko sebuleni kwetu Temeke, juu ya televisheni. Mama amekitundika mwenyewe, na kila mgeni anaonyeshwa kabla hata hajapewa maji ya kunywa.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Bado kuna asubuhi naingia kwenye gari la wagonjwa nikitegemea kukukuta unahesabu sindano, unaimba nyimbo zako za kwaya za Bukoba, sauti ya chini. Halafu nakumbuka.

Unamkumbuka yule dada wa saluni kule Kipawa? Kifafa kilimwangusha akiwa kazini, kikakataa kumwachia. Dawa ya kukikata ilikuwa kwenye begi letu. Lakini wewe uliyekuwa nesi hukuruhusiwa kuichoma mpaka daktari wa zamu akubali kwa simu, na simu ikawa haipokelewi. Ulipiga, ukapiga tena. Mie, mbeba machela tu, nikakupandishia sauti: "Sista, mchome bwana, atatufia!"

Ulimlaza ubavu, ukamfuta mate, ukamshikia oksijeni, hadi daktari alipopiga mwenyewe tukiwa tunakaribia Tazara, akakubali, ukamchoma. Yule dada alipona. Ila mie sikusema na wewe siku nzima.

Kesho yake ulinikalisha mlangoni mwa gari, tukiwa tunakunywa chai. Ukaniambia, "Asha, dawa ile inaweza kumzima mtu pumzi. Ingemzima, ungefanya nini?"

Nikainamia kikombe changu.

"Basi hiyo hasira yako ipeleke darasani."

Nikaipeleka. Nilidhani nitasoma jinsi ya kuchoma dawa, kumbe nilikuwa nasomea yale yanayofuata baada ya dawa: pumzi ikikatika, moyo ukichelewa, mashine ikikudanganya. Nilipofeli mara ya kwanza, nikashindwa kuingiza bomba la hewa kwenye koo la sanamu ya kufundishia mbele ya walimu watatu, nilikuja kulia kitandani kwako wodini. Figo zako zilikuwa zimeshachoka. Wewe ndiye mgonjwa, lakini ndiye uliyenibembeleza. Ukaniambia nikutajie dozi zote, kwa uzito wa mtu mzima na wa mtoto, na nilipokosea ulifumbua jicho moja tu.

Ulituacha wiki tatu kabla sijarudia mtihani. Hilo ndilo linaloniuma, Sista. Wiki tatu tu.

Lakini sikuandika ili nikulilie. Ngoja nikusimulie ya mwezi uliopita.

Tuliitwa Gongo la Mboto, asubuhi, kwa mama mmoja fundi cherehani. Pumu. Tulimkuta amekaa ameegemea meza, midomo imebadilika rangi, nikaweka kipimo kifuani nisisikie kitu. Kimya kabisa. Unajua kimya kile maana yake nini: hewa karibu haiingii tena. Mumewe alikuwa anazunguka chumbani anasema, "Jamani fanyeni kitu, fanyeni kitu."

Mwenzangu wa zamu, Eliya, alikuwa ameshafungua mkoba wa mabomba. Akaniuliza, "Sista, tuweke bomba?"

Unajua niligeuka nyuma? Nilikuwa nakutafuta wewe. Kumbe aliyeulizwa ni mie.

Nakiri mikono iliniwasha. Sasa naruhusiwa, Sista. Namlaza mtu usingizi kwa dawa, naweka bomba, simsubiri yeyote kwenye simu. Nilisotea miaka miwili kwa ajili ya dakika ile. Lakini nilimwambia yule mama anibane mkono, akanibana. Nilimwita, akaniangalia machoni. Mtu wa pumu ukishamlaza na kumwekea bomba, kumtoa huko ni kazi nyingine. Nikamwambia Eliya, "Uache mkoba wazi hapo, lakini bado."

Tukampa dawa ya mvuke, nyingine ya mshipa, taratibu, nikihesabu pumzi zake moja moja. Kama angeacha kunibana mkono ningeliweka bomba palepale. Hakuacha. Tukiwa barabarani kifua kilichokuwa kimya kikaanza kupiga miluzi. Sijawahi kusikia miluzi mitamu namna ile! Tulipofika hospitali akavuta barakoa pembeni, akamuuliza mumewe, "Pasi umeizima?"

Eliya alicheka mpaka akakaa chini.

Kingine: wakubwa waliniita ofisi ya Mbezi Beach, wakanipa cheo cha kupanga zamu. Kiyoyozi, meza, mgongo unapumzika. Zamani watu wa gari tulikuwa hatuna pa kupanda. Unabeba machela mpaka kiuno kikatae, basi. Sasa ngazi zipo, na mie ni wa kwanza kazini kwetu kufika ya wagonjwa mahututi. Nikawaomba wanibakize kwenye gari siku nne, siku ya tano nifundishe. Walishangaa, wakakubali. Jumatatu naanza na wabeba machela sita, mmoja ananizidi umri kwa miaka kumi, yaani itabidi nimwamkie kabla sijamfundisha.

Nina raha, Sista. Naona haya kidogo kukuambia hivyo wewe ukiwa huko, lakini ndiyo hali yangu.

Pumzika, dada yangu. Mungu akuweke pema. Nakuahidi hili: siku nitakapokutana na mgonjwa aliyezidi ujuzi wangu, hata wanafunzi wangu sita wakiwa wamesimama wananiangalia, nitasema kwa sauti, "Hili silijui," kisha nitamwita anayelijua.

Wako,
Asha