Mlango wa Mama Usifungwe Mchana

S.L.P. 41,
Butere, Kakamega.
9 Aprili 1979.

Mpendwa ndugu yangu Andati,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye tope. U mzima? Roda na watoto wanaendeleaje na joto la Likoni? Sisi tunashukuru Mungu, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako Jael anasema ndicho kiungo changu pekee kinachofanya kazi.

Miwa imestawi. Trekta zinapita hapa kutwa kwenda kiwandani, na kila aliyelipwa ananunua mabati. Hata jirani yetu Osundwa, uliyemwacha akifunga mlango kwa kamba, sasa ana nyumba ya matofali na anatusalimu mkono mmoja mfukoni.

Barua yako nimeipata. Unaniuliza ununue mashine ya kupoza hewa, ama ile kubwa ambayo muuzaji anasema inapoza mchana na kupasha joto jioni. Nilicheka kwanza. Kuniuliza mimi mambo ya nyumba! Umesahau niliyojijengea: vioo vikubwa visivyofunguka, mabati bila dari. Saa saba mchana wageni huaga kabla chai haijachemka, na mwenye nyumba hupumzika jikoni kwa Jael, penye paa la nyasi.

Lakini juzi Ayuma, binti wa mama mdogo, alirudi kutoka kwako akanieleza yale uliyoyaruka kwenye barua. Kicheko kikaisha. Kumbe hiyo mashine uliyoachiwa uijaribu inataka milango na madirisha yafungwe. Mama, tuliyemleta kwako kwa ajili ya kifua chake, akakaa humo kama samaki kwenye barafu, akatetemeka, mwishowe akaingiza jiko la makaa chumbani. Mashine inapoza, jiko linapasha, mama yetu katikati! Roda alipofungua alimkuta ameinamia kitanda, kichwa kinamzunguka. Andati, hewa ya makaa haiui kwa kelele. Tungeletewa jeneza kwa gari la moshi.

Tangu siku hiyo, Ayuma anasema, Mama hushinda kwenye ngazi za jirani yenu. Alipombembeleza aingie ndani, alipata jibu lake: "Nyumba inayofungwa mchana ni ya mchoyo anayekula kuku peke yake, ama ni ya mwizi. Sasa niambie, mtoto wangu, mimi ni yupi?"

"Mama Mkubwa, ni kwa sababu ya joto tu."

"Joto halibishi hodi. Watu ndio hubisha."

Na sasa anataka kurudi. Unajua daktari alivyosema juu ya kifua chake na baridi ya huku. Mvua kama hizi za mwaka jana zilimlaza mpaka tukamwita mchungaji. Tangu aje kwako hajakohoa usiku. Basi lazima akae, na nyumba ndiyo ibadilike, si yeye.

Kwa hiyo sikia la mkulima. Rudisha mashine hiyo. Baridi yake ningeivumilia, mlango wake uliofungwa ndio siuwezi. Joto lenu ni la jasho lisilokauka, na jasho hukaushwa na upepo. Toboa dirisha upande wa bahari na lingine upande wa pili yatazamane, yawe ya mbao yenye mianya. Piga dari chini ya mabati, kisha ning'iniza feni juu ya kiti chake. Iende polepole, isimpeperushie kitambaa cha kichwa. Akitaka moto jioni, mjengee kibanda kisicho na kuta nyuma ya nyumba, aote hapo na kuchoma mahindi, wapitao wamwone. Jiko lisiingie ndani tena. Muuzaji akikuita mshamba, mwambie kaka yako ni mshamba zaidi.

Jambo la mwisho ni zito. Mama alimtuma Ayuma aniambie niiezeke nyumba yake, maana nyasi zimeporomoka upande wa kitanda. Nimekataa. Nikiiezeka leo, kesho atapanda gari la moshi, na mvua hizi zitamkuta humo. Jana, Jumapili ya Matawi, Osundwa aliniuliza nje ya kanisa, watu wote wakisikia, "Were, miwa yote hiyo, na nyumba ya mama yako inanyeshewa?"

Nikamwambia, "Acha inyeshewe. Mwenyewe hanyeshewi."

Walicheka, hata mzee wa kanisa. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Lakini siezeki.

Msalimie Roda, na watoto waambie baba yao mkubwa bado ana tumbo lilelile. Jael, Ayuma na hata Osundwa wanakusalimu. Mama msomee barua hii yote, na hapo kwenye paa usiruke. Anikasirikie mimi, wewe akubariki. Mungu awape Pasaka yenye upepo na kifua chepesi. Ila toboa hayo madirisha upesi, ndugu yangu, kwa maana kila mvua ikinyesha mimi husimama mlangoni nikiitazama nyumba ya Mama ikilowa, na sina lingine la kufanya.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata unapobisha,
Were