Kituo Nilichokiruka

Shanghai,
9 Agosti 2011

Mpendwa Kaka Bingkun,

Pokea salamu zetu huko Urumqi. Hujambo? Na Wifi Yaqin, mgongo umepoa? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia.

Baba yuko hospitali. Amenikataza kukupigia simu. Barua hakuitaja, ndiyo maana naandika.

Juzi asubuhi alipanda basi langu, akaketi nyuma yangu kama kawaida yake. Mara nikamwona kwenye kioo ameshika kifua, midomo imegeuka buluu. Hospitali iko kwenye njia yangu, vituo vitatu tu mbele.

"Suzhen, usikimbize," akaniambia. "Mimi si samaki, sitaoza."

Unajua mabasi yetu hayana betri za kutembelea siku nzima. Yana kapasita zinazojaa umeme kituoni kwa nusu dakika, na kuisha upesi vilevile. Kituo hakirukwi hata kama hakuna abiria. Mimi ninayewafundisha hivyo madereva wapya nilikiruka, niokoe nusu dakika. Haraka haraka haina baraka, kaka.

Mbele lori la matofali lilikuwa limepinduka. Tukakwama, umeme unapungua huku naangalia. Nikazima kiyoyozi.

"We dada, unatupika kama mikate ya mvuke?" abiria mmoja akafoka. Nilikuwa nasikiliza Baba anavyohema.

Njia ilipofunguka, basi likazima hatua sitini kabla ya kituo. Mama mmoja mwenye kapu la mboga akawageukia wenzake: "Jamani, mnangoja kadi za mwaliko? Shukeni tusukume!" Wakasukuma hadi chini ya waya wa kuchajia. Nusu dakika, tukaondoka.

Daktari aliniuliza maumivu yalidumu muda gani kabla ya kumfikisha. Nikasema dakika kumi. Zilikuwa arobaini. Naogopa, kaka. Kesho nitamwambia daktari ukweli; wewe nimekwambia kwanza.

Watampasua Alhamisi ya wiki ijayo.

Nisalimie Wifi na mwanao Ruolan. Mbingu ziwalinde nyote njiani.

Nasema njiani kwa sababu jana Baba, uso ameuelekeza ukutani, aliniuliza siku hizi treni ya Urumqi inaingia saa ngapi.

Mdogo wako akupendaye,
Suzhen