Kumbe Namba Kumi na Tisa Ulikuwa Wewe

Ni mwaka mzima sasa, baba watoto, tangu asubuhi ile ulipotoka na koti lako jeupe mkononi, ukaanguka kwenye ngazi za maabara kabla hujafika mlangoni. Watu walilia, na mimi nililia kuliko wote. Leo nimekaa kukuandikia kwa upendo, kama inavyopasa, lakini hasira nayo imevuta kiti ikakaa hapa karibu. Sitaificha. Hodari wa kuficha ulikuwa wewe.

Ulikuwa mtu mwema, hilo silifuti. Miaka thelathini na moja ulishinda na damu za watu. Ulianza na watoto wenye ugonjwa wa damu wa selimundu, ukiwatania wodini hadi wasahau sindano. Ukaingia kwenye kinga ya mwili, na mwisho kwenye moyo, ukitafuta kwa nini kinga ya watu wengine huushambulia moyo wao wenyewe. Kitinda mimba wetu alipokuuliza ndiyo nini hiyo, ulimwambia, "Ni askari wa getini, mwanangu. Kalewa, anampiga mwenye nyumba." Alicheka mpaka chai ikampalia.

Kila mwisho wa mwaka ulitupanga mezani, mikono imefungwa mpira, vichupa vyenye vifuniko vya zambarau mbele yetu. Ulitaka damu za watu wenye afya, uzilinganishe na za wagonjwa. "Hapa hakuna mke wala dada," ulisema, "kuna namba tu." Dada yako alilalamika, "Kaka, tena? Si ulininyonya juzi tu?" Na bado alitoa. Sote tulitoa, kwa sababu tulikuamini.

Jumamosi ulituwekea kifuani kile kifaa chako cha kusikilizia moyo, mmoja mmoja, ukisikiliza umefumba macho. Kitinda mimba akitaka kukusikiliza na wewe, ulimpokonya. "Mganga hajigangi," ulimwambia, tukacheka sote.

Ngazi za nyumbani ulizipanda kwa kusimama katikati, ukainama kufunga kamba za viatu. Mwaka wa mwisho ulivaa viatu visivyo na kamba, na bado uliinama. Niliona, nikajiambia ni uzee. Hapo na mimi nina langu la kujibu.

Wiki tatu baada ya mazishi, yule mama anayetunza majokofu ya maabara alinipigia simu nikachukue vitu vyako. Alinipa daftari bila kuniangalia usoni. "Mama, kuna huyu namba kumi na tisa," alisema. "Miaka sita damu yake inaonyesha ule ugonjwa wa moyo. Kila tukimwomba profesa amwite atibiwe, anasema ni mtu wa mbali, hapatikani."

Mtu wa mbali! Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Mwandiko ulikuwa wako: "Kumi na tisa, mimi." Chini yake: "Mama watoto asiambiwe. Ataacha kucheka." Ala! Nani alikwambia nakihitaji kicheko kuliko ninavyokuhitaji wewe? Bora ningenuna miaka ishirini, nawe upo.

Hata hilo ningelimeza. Lakini nilifunua ukurasa. "Ishirini na mbili: dalili zimeanza, apimwe tena." Tarehe ni miezi mitano kabla hujafa, na ishirini na mbili, kwa orodha yako ya mwanzo wa daftari, ni kitinda mimba wetu. Miezi mitano, baba watoto! Ulikula naye meza moja, ukamwambia moyo wake unapiga kama saa mpya. Ya kwako, haya, yalikuwa yako. Ya mwanangu nani alikupa ruhusa ya kuyaficha?

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Daktari wa moyo alisema tumewahi. Sasa anameza vidonge viwili kwa siku, na ngazi anazipanda bila kusimama. Tiba yenyewe, daktari alisema, imetokana na utafiti wa watu kama wewe. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia mumlete mapema hivi?" Nilitaka kusema ni wewe. Nikasema tulisoma kwenye daftari.

Mtoto hakulilia ugonjwa. Aliuliza jambo moja tu: "Zile Jumamosi, baba alikuwa anajua?" Nilimwonyesha tarehe kwenye daftari. Kwa nini hukumwambia, jibu la hilo umeondoka nalo wewe.

Wanaokukumbuka: mkeo, namba ishirini; kifungua mimba wako, ishirini na moja; dada yako, ishirini na tatu, anayesema ungemwambia angekupa damu yake yote; na kitinda mimba wako, aliyekataa kuandikwa hapa kwa namba. Kile kifaa chako anacho yeye. Kila Jumamosi anajiwekea kifuani, anasikiliza, halafu anatuambia alichokisikia, kizuri au kibaya.

Tutakukumbuka siku zote, hata zile tunazokukasirikia.