Hesabu ya Ng'ombe Wasiokuwepo

Meru, 14 Aprili 1996

Mwanangu Elihuruma,

Salamu nyingi. Hujambo? Na mafua ya huko Dar yameisha? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila goti langu linanisumbua mvua zikianza. Mdogo wako Agnela anakusalimu.

Wale vijana wa ofisi yenu ya takwimu walifika kuhesabu ng'ombe. Nilipowaambia watu kuwa ni wenzake mwanangu, kila boma liliwakaribisha. Shida ni kwamba tulidhani misaada inakuja, maana siku hizi hakuna anayehesabu watu bure. Efraimu mwenye ng'ombe wawili akasema kumi na watano. Mimi mwenye mmoja nikasema tisa. Usicheke! Sasa mwalimu Anaeli anatuambia mlikuwa mnapima hewa chafu ya ng'ombe, ile inayoongeza joto duniani. Mwanangu, kabla hamjachapa kitabu chenu cha hizo hesabu, tuletee tuzisahihishe. Tumejipaka matope wenyewe.

Mama yako


Dar es Salaam, 20 Mei 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafua yameisha, namshukuru Mungu. Pole sana kwa goti.

Nimecheka, Mama, kisha nikaogopa. Takwimu ambazo hazijatangazwa ni siri, hata mke wangu siwezi kumwonyesha. Wenzangu wengi wamepunguzwa kazi mwaka huu. Nikionekana nampa mama yangu makaratasi ya serikali, nitarudi huko kupalilia kahawa. Na nikisema hesabu ni za uongo, wataniuliza nimejuaje. Subirini kitabu kitoke. Hizi ni takwimu za hewa tu, hazimdhuru mtu.

Mwanao mtiifu


Meru, 2 Septemba 1996

Mwanangu,

Salamu. Mjukuu wangu ameshaota meno? Huku afya ipo, amani hakuna.

Juzi tuliitwa mkutanoni. Alikuja mkubwa mmoja kutoka mjini na bwana wa kampuni ya maua. Yule wa maua akafungua karatasi akasoma: kijiji kina ng'ombe elfu moja na mia mbili. Akasema malisho yetu chini ya msitu hayawezi kubeba mifugo hiyo, tena hewa yake inaharibu dunia, afadhali yeye alime waridi auze Ulaya. Efraimu akasimama akasema hatufiki hata mia tatu. Akaulizwa, "Kwa hiyo mzee mliidanganya serikali?" Akakaa.

Kumbe siri ilikuwa kwetu tu, sisi tuliohesabiwa! Malisho yanachukuliwa Januari. Andika mstari mmoja tu, kwamba hesabu ina makosa na irudiwe. Nakuomba, Elihuruma. Tangu umalize shule sijakuomba kitu.

Mama yako


Dar es Salaam, 17 Machi 1997

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti lina nafuu. Nisamehe kwa kimya, kila nilipoanza barua niliichana.

Rasimu ya kitabu walipewa wadau watoe maoni kabla ya kuchapwa, na kampuni ya maua ilihesabiwa kuwa mdau. Kijiji hakikuhesabiwa. Nililijua hilo tangu Juni mwaka jana. Ule mstari sikuuandika, Mama. Niliogopa kazi yangu.

Kitabu kimetangazwa wiki iliyopita. Sasa ni ruhusa kwa kila mtu, nakutumia nakala. Mkiona kosa, mwandikieni mkurugenzi.

Mwanao


Meru, 6 Aprili 1997

Elihuruma,

Habari za siku nyingi? Sisi tupo.

Kitabu nimekipata. Mwalimu Anaeli alinisomea, na ng'ombe wetu wamo wote elfu moja na mia mbili. Nilitamani nione japo mkia. Malisho yamefunikwa na plastiki, ndani yake ni waridi. Agnela anafungasha maua humo na mikono inamwasha kwa dawa. Efraimu aliuza ng'ombe wake akahamia Olasiti kwa kaka yake. Wangu alienda kwa wachinjaji wa Daraja Mbili, kule mjini.

Unasema tumwandikie mkurugenzi. Tumwambie nini sasa, arudishe nyasi?

Sikulaani, wewe ni damu yangu. Lakini ukipata likizo, usije kwanza. Imeniuma, na bado inaniuma. Wanawake kanisani wameacha kuniita kwa jina lako. Sikuwauliza sababu, ninaitika tu wanavyoniita.

Mama Agnela