Jiko Linalowaka Nikifika

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nyamira. Rasimu ya ripoti imekamilika. Dakta Anyona, msimamizi wa utafiti wetu, ameisoma hadi mwisho – jambo ambalo halijawahi kutokea. Anasema sentensi ya kwanza itatufungulia milango: kaya tisa kati ya kumi zimeacha mafiga na sasa zinapikia majiko yetu yanayobana kuni. Wafadhili watafika Jumatatu ijayo. Wakiridhika, majiko yatasambazwa kaunti nzima, nami nitaongoza kazi ya nyanjani. Nimechoka, ila ni uchovu wenye heshima.

Imebaki kusoma vihisi joto tulivyobandika kwenye majiko, ili vithibitishe yale niliyoyaona kwa macho.

Jumatano, 11 Juni

Vihisi vimeharibika. Nimemwandikia Dakta hivyo, kwa kuwa sioni maelezo mengine. Jiko ni baridi wiki nzima, linawaka siku moja, kisha baridi tena.

Jioni Sharon, ninayegawana naye meza ofisini, aliinamia grafu huku akitafuna hindi la kuchoma. Akauliza huwa naenda lini kwa mwenye jiko hilo, Mama Nyamoita, kule Kebirigo. Jumanne, nikamjibu. Akaweka kidole chenye masizi juu ya kilele cha kwanza. Jumanne. Cha pili – Jumanne.

"Bosire, hilo jiko linakupenda."

Alicheka peke yake. Nimepitia grafu za nyumba zote. Zote zinanipenda.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda Kebirigo bila kupiga simu. Ni utovu wa adabu, najua.

Mama Nyamoita alikuwa jikoni, amezama katika moshi, akipika chakula cha Sabato kiwahi kuiva kabla ya jua kutua. Alikuwa anapikia mafiga. Jiko letu lilikuwa sebuleni, juu ya stuli, limefunikwa kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya harusi. Linang'aa.

Aliponiona alijifuta mikono haraka. "Baba Nyamoita, leta jiko. Mgeni amefika."

Nikamsihi aliache. Akakataa katakata: atanipikiaje chai kwenye mawe, watu waseme nini?

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Uliuliza kama nalitumia. Nalitumia. Si umekunywa chai yake kila ukija?"

Akaeleza bila kuona kosa lolote: jiko ni zuri, lakini likizima limezima. Mafiga hulaza makaa chini ya majivu, na kesho wakitoka kanisani chakula kitakuwa bado na joto. Mumewe, Mzee Onsongo, akaongeza kwamba kwa jirani yao Makori hata watoto hawaruhusiwi kuligusa.

Nilikunywa chai. Ya jiko letu.

Jumapili, 15 Juni

Nimeandika upya ukurasa wa kwanza na kumtumia Dakta. Moshi ni ule ule, miti inakatwa vile vile, na kaunti nzima itapelekewa mapambo ya sebuleni.

Amenipigia. Hakufoka, ingekuwa afadhali. Akauliza kwa upole kama si mimi niliyeandika kwamba vihisi ni vibovu. Akasema kijana anayejenga jina haanzi kwa kubomoa. Ripoti itabaki ilivyokuwa, isipokuwa nikitaka kusimama mbele ya wageni niseme vingine mwenyewe.

Sina nguvu hata ya kukasirika.

Jumatatu, 16 Juni

Wafadhili wamefika mapema. Hawataki kusomewa chochote kwanza – wanataka kuona jiko likiwaka nyumbani kwa mkulima. Dakta amewaambia hilo ni jambo dogo, kijana wetu ana mama yake Kebirigo. Kisha akanivuta kando: nimpigie Mama Nyamoita sasa hivi, ajiandae.

Nimempigia. Kabla sijatamka neno akauliza, "Mwanangu, mnakuja wangapi?"

Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikakata.

Naandika haya kwenye ngazi za ofisi. Magari yamewashwa, Dakta ananipungia mkono. Simu inalia. Ni Mama Nyamoita.