Nguzo Uliyojifichia

Tata,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nikikungoja wewe nitazeekea hapa barazani.

Mtaa wetu wa maduka ya zamani unakarabatiwa. Vitofali vimeshatandazwa, taa zimesimama, mabati yenye kutu yameteremshwa. Cherehani yako, baba yangu, ninayo mimi, na bado inaruka nyuzi kwenye kitambaa kizito. Wewe ulisema inaringa. Mimi nasema imezeeka. Lakini leo nakuandikia habari ya nguzo.

Kijana wa mipango miji, mgeni kutoka Dar, alichora baraza upya. Zile nguzo nene za matofali akaziondoa kwenye mchoro, akaweka vyuma vyembamba kama fito, eti nguzo zinabana wapita njia. Nilicheka peke yangu, kisha uchungu ukanishika. Nilikuona tena siku zile za soko, Bibi anakuja kutoka Susuni na ndizi zake kichwani, nawe unaacha suruali ya mteja chini ya sindano, unakimbilia nyuma ya nguzo, maana mtu hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Uso ulifichika. Tumbo lilibaki nje. Nami nikawa mlinzi wako, ukininong'oneza: "Bhoke, amepita?"

Wakiibomoa nguzo ile, nilijiambia, nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama kuitetea, nikakaa kabla sijamaliza. Ndipo Bibi akainuka na fimbo yake, ingawa alikuwa amekuja mjini kuuza ndizi tu. Akamwambia yule kijana, "Wewe, mkwe wangu sura yake siijui vizuri. Nguzo yake naijua. Nilikuwa nikifika pale kwenye kona nakohoa, apate muda wa kujificha. Halafu nasalimia nguzo. Ukiibomoa nitamsalimia nani?"

Tata, alikuwa anakohoa makusudi. Na wewe miaka yote ulikuwa unamtumia dawa ya kifua kupitia kwa Mama, naye akainywa kwa heshima.

Kijana akauliza kama kuna wengine wanaozitumia nguzo hivyo. Wanaume wakatazama chini. Mkono mmoja ukanyooka, ukafuata mwingine, mwisho na mwenyekiti wa mtaa naye. Mchoro ukabadilishwa. Nguzo zinabaki, zinapigwa lipu mpya, na njia ya waenda kwa miguu imepita mbele yazo. Bodaboda ndio wamesogezwa, na wamenuna mpaka leo.

Nimekukumbuka sana wiki hii. Jana Bibi alikohoa kwenye kona, akasimama mbele ya nguzo yako, akasema taratibu, "Mkwe, hujambo." Nikainamia cherehani nilie bila kuonekana. Ikaruka nyuzi.

Nakuahidi: nyuma ya nguzo ile sitaweka meza, wala mzigo, wala mteja. Pako ni pako.

Lala salama, Tata. Ameshapita.

Bhoke wako