Maelezo ya Mama Stoo Kuhusu Meneja Aliyepigwa Akiwa Ndani ya Ndoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Najulikana kazini kama Mama Stoo
Umri: Miaka 41
Kazi: Mtunza stoo, duka la vyombo vya nyumbani
Makazi: Nyumba za nyuma ya soko

Nimeonywa niseme kweli tupu, na sina sababu ya kusema vingine. Mlinzi mliyemweka mahabusu si ndugu yangu wala jirani yangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, yapata saa saba mchana, nilikuwa stoo nikipanga ndoo za plastiki. Akaja mama mkwe wa meneja wetu. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kuja kumsalimia mkwewe, akaambiwa yuko kikaoni. Miguu ilikuwa imemvimba. Nilimtandikia godoro nyuma ya rafu ya ndoo ajinyooshe. Hata sijafika mlangoni, akaanza kukoroma. Mkoromo wenyewe, afande, ulikuwa wa mtu aliyelea watoto wengi. Nikaenda kumtafutia chai.

Meneja alipotoka kikaoni aliusikia ule mkoromo. Siku zote husema sisi wa stoo tunalala kazini. Niliporudi nilimkuta mlangoni akivua viatu. Akazima taa, akaingia kwa kunyata. Nilimwita, akaweka kidole mdomoni ninyamaze, akaurudisha mlango nyuma yake.

Mle ndani hamna dirisha. Nilisikia kishindo, kisha ndoo zikaporomoka. Nilipousukuma mlango nilimwona meneja amevaa ndoo hadi mabegani, mkono wa ndoo umemnasa chini ya kidevu. Mama mkwe alikuwa ameshtuka usingizini. Aliona kitu kisicho na uso kinamjia kikipapasa, akakamata ufagio wa mpini mrefu. Alipiga kimyakimya, kama anayekung'uta zulia. Nikamwambia, "Mama, mkweo!" Nadhani alielewa kwamba mkwewe yuko hatarini, maana aliongeza juhudi.

Mlinzi alipofika, ufagio ulikuwa umeshashushwa. Alichofanya yeye ni kumshika yule mtu mkono tu. Meneja mwenyewe ndiye aliyemwamuru siku za nyuma asimtoe mtu stoo kabla hajamwona uso. Meneja akasema kutoka ndani ya ndoo, "Mimi ni bosi wako." Mlinzi akamjibu kwa adabu, "Sawa mzee. Basi nionyeshe uso." Meneja akaapa kumfukuza kazi. Mlinzi akamweleza kwamba mwenye uwezo huo ni meneja peke yake, na meneja hana sauti ya pipa. Nami nilimthibitishia kuwa ndiye, akasema amri ni uso, si maneno ya Mama Stoo.

Tulimmwagia sabuni ya maji, tukavuta. Ndoo ilipotoka, wa kwanza kuonekana alikuwa mama mkwe, ufagio mkononi. Walitazamana. Kisha meneja, povu likimtiririka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na kazi."

Taabu ilianzia hapo. Meneja alikuwa na nundu tatu na wafanyakazi wote waliziona, kwa hiyo lazima apatikane aliyempiga. Mkwe hashitakiwi. Basi akashitakiwa mlinzi, naye mama akaenda kwa binti yake bila kujua lolote.

Jana mke wa mlinzi alinijia na kichanga mgongoni. Aliniuliza kama kweli mumewe anaweza kumpiga mtu. Nilimkaribisha uji nikashindwa kumtazama. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Najua meneja akisikia, huenda kesho nisiwe na kazi.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, na maneno ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimemwita mama mkwe kwa simu, amefika. Amekiri mapigo yote ni yake, akaongeza kuwa angemjua angepiga kidogo tu. Mlinzi ameachiwa. Mlalamikaji, yaani meneja, yuko kaunta akiomba kufuta shauri. Mama mkwe amemwambia aanze kwa kumwomba radhi mke wa mlinzi, aliyekaa kwenye benchi, kisha ahakikishe Mama Stoo haguswi kazini. Mlalamikaji amejibu, "Ndiyo, mama."